Moyo wa Hamali na Kosa la Mfasiri

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeuzoea moyo kama sitiari. Darasani tunafunzwa kwamba moyo hupenda, hughadhibika, husononeka na hata kufa ganzi. Mtu huwa na moyo mkunjufu au moyo wa jiwe. Akikata tamaa husemwa amevunjika moyo, na akihifadhi jambo husemwa amelitia moyoni. Katika mtihani wa semantiki naweza kuziorodhesha nahau ishirini za moyo pasi na kuinua kalamu. Hata hivyo, mwaka jana wakati wa likizo niliulizwa swali moja tu kuhusu moyo wenyewe, ule wa nyama ulioko kifuani, nikalijibu vibaya, na jibu langu likamweka mtu mzima kitako barazani kwa muda wa wiki tano.

Kwetu ni Makadara, kisiwani Mombasa. Wadi yetu, iliyomo katika eneo bunge la Mvita, huandikwa kwa majina mawili, Mji wa Kale/Makadara, na kwa kweli mitaa hiyo imeingiliana kiasi kwamba mgeni hawezi kutambua mmoja unakoishia na mwingine unakoanzia. Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 58, ni hamali. Tangu ujanani amekuwa akisukuma mkokoteni. Alfajiri hupakia magunia ya viazi na vitunguu Marikiti, akayapenyeza katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia, akarudi kuchukua mengine, na hivyo ndivyo siku inavyomwishia. Siku ya kisa hiki alikuwa amekwenda zahanati moja kutibiwa kidonda cha mguuni. Muuguzi akampima shinikizo la damu na mapigo ya moyo kama ilivyo ada. Foleni ilikuwa ndefu. Alifungwa kidonda, akapewa kadi, akaambiwa arudi kwa daktari wiki ijayo.

"Mwanangu," aliniambia jioni ile, "wewe ndiwe uliyesomea lugha. Hebu nambia, hapa wameandika nini?"

Kadini palikuwa na tarakimu 48, na kando yake neno moja la Kiingereza ambalo tukilitamka kwa Kiswahili litakuwa bradikadia. Sikulijua. Ningalisema kwamba silijui, makala haya yasingaliandikwa. Lakini mbele yangu alikuwa mjomba, na nyuma yake mkaza mjomba na watoto wao, wote wakinitazama mimi msomi wa ukoo. Nilikumbuka kutoka shule ya upili kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Nikaona 48 ni pungufu. Nikaona pia kwamba sehemu ya mwisho ya neno lile yahusu moyo. Nikaunganisha upungufu na moyo, nikapata tafsiri yangu: "Maana yake ni udhaifu wa moyo, mjomba."

Yaliyofuata siyasimulii yote. Mkokoteni ulikodishwa kijana mmoja, na kipato cha nyumba kikapungua. Mjomba aliacha kwenda msikitini kwa miguu. Pale ambapo zamani alitembea kwa dakika kumi, sasa aliitiwa tuktuk au alisalia nyumbani. Mkaza mjomba alianza kupika chakula kisicho chumvi. Jioni moja nilimkuta mjomba akimtaka jirani yake radhi kwa ugomvi wa miaka mingi iliyopita, na jirani naye akitokwa na machozi. Wiki ya ahadi ya daktari ilipofika hakwenda. Alisema aliyokwisha kuandikiwa yatosha.

Ni binti yake mkubwa aliyemlazimisha kwenda kwa daktari mwingine. Huyo, kabla ya kumgusa, alimwuliza: "Kazi yako ni gani, mzee?" Kisha akamwuliza iwapo hupatwa na kizunguzungu, iwapo amewahi kuzirai, iwapo pumzi humwishia apandapo ngazi, na iwapo anatumia dawa yoyote. Majibu yote yalikuwa la. Akampima kwa mashine ile inayochora mwenendo wa umeme wa moyo, akautazama mchoro, akacheka. Alimwambia kwamba moyo wake ni kama wa mwanariadha, akampa ruhusa ya kurudi kazini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijisomesha upya jambo ambalo nilidhani nalijua, na ningependa kulieleza hapa kwa lugha yetu, kwa kuwa naamini wapo wengine miongoni mwetu ambao wangejibu kama nilivyojibu.

Kazi ya moyo ni kusukuma damu, na mwili uliotulia huhitaji takriban lita tano kila dakika, yaani ujazo wa ule mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Moyo wa mtu wa kawaida husukuma kiasi cha mililita 70 kwa kila pigo. Ukipiga mara 70, hesabu inakaribia lita tano. Sasa chukua moyo uliozoeshwa kazi kwa miaka thelathini. Vyumba vyake vimepanuka kidogo, misuli yake imekazana, na damu inayourudia ni nyingi zaidi. Moyo kama huo ukisukuma mililita 102 kwa pigo, mapigo 48 yanatosha kuujaza mtungi ule ule. Kwa siku nzima moyo upigao mara 72 kwa dakika hupiga mara 103,680, ilhali ule wa 48 hupiga mara 69,120. Tofauti yake ni mapigo 34,560 ambayo moyo wa hamali umejiepushia, na damu imefika kote inakotakiwa.

Kuna jambo jingine ambalo lilinistaajabisha zaidi. Mwendo wa moyo huanzishwa na kipande kidogo cha tishu kilichoko katika chumba cha juu cha upande wa kulia, na kipande hicho kikiachwa peke yake, pasi na amri yoyote kutoka kwenye ubongo, hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Kumbe basi utulivu wa moyo tulio nao tukiwa tumeketi huletwa na breki. Neva iitwayo vagasi, ishukayo kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, huuzuia moyo usiende kasi yake ya asili. Tuanzapo kutembea, breki hiyo hulegezwa kwanza. Kazi ikizidi kuwa nzito, homoni ya adrenalini nayo huingia na kuuchochea moyo uongeze kasi. Tukikoma, breki hukazwa tena. Mwenye mazoezi ana breki imara na, kama watafiti wanavyoeleza, hata kile kipande chenyewe hubadilika kikawa na mwendo wa pole zaidi. Ndiyo maana mapigo yake hushuka upesi baada ya kazi. Kasi hiyo ya kushuka ni kipimo pia: watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1999 matokeo yaliyoonyesha kwamba watu ambao mapigo yao yalipungua kwa 12 au chini ya hapo katika dakika ya kwanza baada ya zoezi zito walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata.

Nirudi kwenye neno lililonishinda. Lina mizizi miwili ya Kigiriki, na mzizi wa kwanza, niliouruka kwa haraka zangu, una maana ya polepole. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "moyo wa polepole" au "moyo wa taratibu". Hakuna udhaifu popote katika neno hilo. Mimi ndiye niliyeutia. Neno hilo hutaja mwendo tu, na mwendo wa pole waweza kuwa afya au waweza kuwa ugonjwa, kutegemea ni moyo wa nani na una dalili gani. Mtu ambaye hajawahi kufanya zoezi lolote, akapimwa 45 na huku anapatwa na kizunguzungu, anazirai au anaishiwa na pumzi, huyo amwone daktari bila kukawia; huenda njia ya umeme ya moyo wake ina kasoro. Zipo pia dawa za shinikizo la damu ambazo hupunguza mapigo kwa makusudi. Nasisitiza haya ili msomaji asiende akamfariji mgonjwa wa kweli kwa kisa cha mjomba wangu, kwa kuwa hilo litakuwa kosa la pili baya kuliko la kwanza.

Tulipokuwa tukifurahia habari njema, daktari yule aliniomba mkono, nadhani kwa mzaha. Hesabu yangu ilikuwa 92. Nina umri wa miaka 22. Tarakimu hiyo imo ndani ya mipaka ya 60 na 100, kwa hivyo yeyote angesema mimi ni wa kawaida na mjomba si wa kawaida. Hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka neno hilo "kawaida" ambalo sisi hulitumia ovyo. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofuatilia wanaume 2,798 wa Copenhagen kwa miaka 16, wakaona kwamba kadiri mapigo ya mapumziko yalivyokuwa juu ndivyo hatari ya kufa ilivyoongezeka, hata baada ya kuzingatia tofauti za ukakamavu wa mwili. Mipaka ya 60 na 100 ni ya kumjulisha daktari pa kuanzia kuuliza. Haimpi mtu cheti.

Sababu za 92 zangu hazikuwa siri. Nilikuwa nimenywa vikombe vitatu vya kahawa chungu kwa muuza kahawa wa mtaani, na usiku uliotangulia nilikesha. Kafeini huweza kuongeza mapigo, hasa kwa asiyeizoea, sigara vilevile, homa, upungufu wa damu, upungufu wa maji mwilini, hofu na tezi ya shingoni iliyozidisha kazi, vyote huyapandisha. Mja mzito naye huongezeka mapigo, na hilo ni la kawaida. Miraa na muguka zina katinoni, kemikali inayouendesha moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu. Mei 2024, serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka na mahakama ikasimamisha marufuku hiyo, mitaani kwetu ulizuka mjadala mkali wa sheria, biashara na malezi. Katika mijadala niliyoisikia mimi kwenye mabaraza, hakuna aliyetaja moyo wa mtafunaji.

Lakini kahawa ni kisingizio tu. Sababu kubwa ni kwamba mimi huketi. Huketi darasani, maktabani, ndani ya matatu, na nikirudi nyumbani huketi tena. Kizazi cha mjomba kilitembea kwa kuwa hakikuwa na hiari. Siku hizi, kutoka Makadara hadi Ngomeni, mwendo ambao mtoto angeumaliza akila ubuyu, kijana mzima husimamisha tuktuk. Ajabu ni kwamba tunamwonea hamali huruma, na moyo wake unatuzidi sisi tunaomwonea. Sisemi kwamba kazi ya mkokoteni ni neema. Mgongo wa mjomba una hadithi yake, na yeye mwenyewe hataki mwanawe airithi.

Mazoezi yanayohitajika si ya kutisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Ili kujua wastani ni upi, watu hutoa umri kutoka 220 kupata kilele cha mapigo, kisha hukadiria nusu hadi asilimia 70 ya kilele hicho. Kwangu mimi kilele ni 198, na wastani ni baina ya 99 na 139 hivi. Kwa mjomba kilele ni 162, na wastani ni 81 hadi 113. Ni makadirio tu, yanaweza kupotoka kwa mapigo kumi au zaidi. Kipo kipimo kingine kisicho na hesabu: katika zoezi la wastani mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Nimekigeuza kwa matumizi ya wenzangu wa ushairi. Nikitembea kando ya bahari pale Mama Ngina baada ya alfajiri, hujaribu kughani shairi. Nikiweza kuutamka mshororo mzima wa mizani kumi na sita kwa pumzi moja, lakini nikashindwa kuuimba kwa mahadhi yake, mwendo wangu umefaa. Nikikatika kwenye kituo cha mizani ya nane, nimezidisha. Nikiimba ubeti mzima, basi ninatembea kama anayesindikiza harusi. Wakati huo wa alfajiri huwapo pia akina mama wa mitaa yetu, mabuibui yao yakipepea, wakitembea kwa kasi ambayo wanafunzi wengi wa chuo hawataiweza.

Kuhesabu mapigo ni rahisi kuliko kuhesabu mizani. Ketini kwa dakika tano, aula zaidi asubuhi kabla ya kuondoka kitandani na kabla ya kahawa. Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe, kwa maana kina mpwito wake na kitakuhadaa. Hesabu dakika nzima, au nusu dakika kisha uzidishe kwa mbili. Rudia kwa siku kadhaa ndipo uiamini tarakimu.

Sasa nije kwenye dai langu kwa wanachama wenzangu na wahadhiri wetu. Mhadhiri mmoja ninayemheshimu aliposikia kisa hiki aliniambia kwamba tiba ina wenyewe, na kwamba kosa langu lilikuwa kujitia nisikokuwa na elimu. Nakubaliana naye nusu. Nilipaswa kusema sijui. Walakini mjomba hakumleta msomi wa tiba nyumbani. Aliye nyumbani ni mimi, na katika nyumba nyingi za pwani na bara aliye nyumbani ni mtu kama mimi. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini kadi ile ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Nani atakayeiandika kwa Kiswahili ikiwa sisi tunaosomea lugha hii tumeamua kwamba mwili si mada yetu?

Msamiati si kikwazo kikubwa kama tunavyojidai. Wataalamu wa TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi ya istilahi imeendelea tangu hapo. Ninalolilalamikia ni tabia yetu ya kuunda vifungu virefu ambavyo havitamkiki mbele ya mgonjwa, mathalani "kiwango cha upigaji wa moyo katika hali ya utulivu wa mwili". Kiswahili kina pumzi, pumua na pumzika, maneno ya ukoo mmoja. Kina puma na pwita kwa mshipa au jipu linalodunda. Kwa nini tusiseme "mapigo ya mapumziko" tukamaliza? Mjomba aliyaelewa maneno hayo mawili mara ya kwanza nilipomtamkia, na tangu siku hiyo anayatumia, tena kwa majivuno.

Ibn Sina, aliyeandika mkusanyo wake mkuu wa tiba kwa Kiarabu, lugha ya wanazuoni wa zama zake, aliandika pia risala ndogo kwa Kiajemi, na mada ya risala hiyo ni mapigo ya mshipa. Hiyo ilikuwa karne ya kumi na moja. Tarakimu za saa hazikuwapo, lakini alijua kwamba mapigo ni habari ambayo watu wake wanafaa kuisoma kwa lugha wanayoiota usiku.

Napendekeza kwa hivyo kwamba jarida letu litenge kurasa chache katika kila toleo kwa ajili ya makala ya afya yaliyoandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili pamoja na mwanafunzi wa uuguzi au wa tiba, wakae meza moja, huyu amkosoe yule. Napendekeza pia kwamba wanaofunza tafsiri wawape wanafunzi kadi za zahanati, zikiwa zimeondolewa majina, mahali pa zile hotuba za viongozi ambazo tumezifasiri hadi tumezihifadhi.

Mjomba amerudi Marikiti. Jumapili iliyopita alikuwa 50, mimi 83, baada ya miezi mitatu ya kutembea na vikombe viwili vya kahawa nilivyoviacha. Nina swali moja kwa wasomaji. Nyumbani kwetu moyo hupwita kwa hofu na hudunda kwa mbio, lakini mpigo wa kifundo cha mkono hatuna jina lake la peke yake. Walioko Lamu, Pemba, Tanga, Unguja na Bukavu, wazee wenu huuitaje? Tuandikieni kabla ya toleo lijalo.